Nusu ya Maneno ya Baba

Wang'uru,
2 Oktoba 1979

Kaka yangu Gicheru,

Salamu zangu zikufikie hapo Ahero, wewe na Apondi na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja wakati ule kimekwisha. Ukiuliza habari za huku, tungali hai. Mama anasumbuliwa na mgongo lakini chakula kinapita. Dada yetu Wachuka alirudi kwa mumewe huko Kagio wiki iliyopita, naye ni mzima. Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine utayaona mbele.

Kwanza nakuomba usiitupe. Najua barua zetu mbili za mwisho zilirudi hapa na muhuri wa posta, hazijafunguliwa, ndiyo maana hii nimeiandikia jina la Apondi. Na ndiyo maana naandika kwa Kiswahili badala ya lugha yetu ya nyumbani, ili aweze kuisoma mwenyewe. Wifi yangu Apondi, hatujawahi kuonana hata siku moja, lakini nakusihi, akiinuka mezani msomee huko huko anakokwenda. Msomee yote. Usiruke mstari hata mmoja, hata ule utakaoona utamuumiza. Katika familia hii mistari iliyorukwa inatosha.

Baba amefariki. Alikata roho Jumamosi tarehe nane Septemba, saa nne asubuhi, maji yakiwa yamefunguliwa kwenye majaruba na miche ikingoja kitaluni. Telegramu tuliipeleka posta siku hiyo hiyo, tukakungoja wiki nzima. Kila basi liliposimama barabarani mama alitoka nje kuangalia, mpaka Wachuka akamficha viatu. Hukuja. Watu wa huku walisema mengi juu yako, lakini mimi sina mdomo wa kukulaumu. Kwa nini sina, ndiyo habari yenyewe ya barua hii, lakini niache nifike polepole. Nimeianza mara nne nikaichana.

Ni kichocho kilichomwua. Tumbo lilijaa maji, hospitalini wakayatoa, yakajaa tena. Daktari alimuuliza amekaa kwenye maji ya mifereji kwa muda gani, na baba akamjibu kwamba mifereji yenyewe aliichimba yeye. Daktari akadhani mzee anaweweseka. Ni kijana, hakujua kwamba watu walioletwa hapa Mwea na mkoloni wakiwa kizuizini ndio waliochimba mifereji hii kwa sepetu, wakilindwa na bunduki, na kwamba wengine wao, uhuru ulipokaribia, hawakuwa na pa kurudi, wakaomba kuwa wapangaji wa mpunga kwenye matope yale yale. Baba alipata ekari nne. Zilikuwa zake mradi azilime, na hata hapo zilikuwa za skimu ya serikali.

Na kwa nini hakuwa na pa kurudi, wewe unajua, lakini Apondi hajui. Mashamba ya Mukurweini, kwetu kwa asili, yalipounganishwa na kupimwa, baba alikuwa kizuizini, na baba mdogo Theuri ndiye aliyekuwa nyumbani. Kipande cha baba kikaandikwa pamoja na cha Theuri, kwa jina la Theuri. Baba alipotoka akakuta kahawa ya ndugu yake imesimama pale alipoacha viazi vyake. Hakugombana naye. Alisema kesi hailiwi na watoto, akatubeba akatuleta huku kwenye mbu.

Sasa sikia tulivyomzika. Tulikuwa tumekubaliana alazwe kwenye makaburi ya watu wote hapa Wang'uru, maana ardhi ya skimu si ya kuzikia. Akaja Theuri na koti jeusi na lori la kukodi, akasema mbele ya wazee kwamba ndugu yake hawezi kulala na watu asiowajua wakati yeye ana shamba. Akatupa mahali mwishoni mwa kahawa yake, karibu na shimo la mbolea. Kwa hiyo baba amepata ardhi yake Mukurweini hatimaye. Ni futi sita kwa tatu, na mahali penyewe pana mteremko.

Theuri alilia sana. Alishikwa mabega na watu wawili. Alisema marehemu alikuwa mtu wa familia, mtu aliyejitolea kwa watoto wake bila kuuliza. Mchungaji naye akasema mtu wa familia. Mwenyekiti wa wapangaji akasema mtu wa familia, halafu akaeleza kwa kirefu kuhusu mbolea. Mimi nilikuwa nimesimama pale na karatasi mkononi, maana historia ya marehemu ilibidi niiandike mimi na kuisoma mimi. Nani mwingine? Katika nyumba ile kalamu ni yangu tangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Nilitamani kuwauliza wale watu kama wanajua wanachokisema. Theuri hakuwahi kukanyaga nyumba yetu ya Mwea hata mara moja. Alijuaje baba alivyokuwa na watoto wake?

Mimi najua, na wewe unajua. Unakumbuka miguu? Kila jioni hakuna aliyeingia ndani kabla baba hajamkagua miguu. Alikaa kwenye kile kigoda mlangoni, karai la maji pembeni, sindano imechomekwa kwenye kola ya shati. Alianza na mama, kisha Wachuka, kisha wewe, kisha mimi. Aliosha, akachokoa miiba, akafinya vidonda, akapaka mafuta ya kondoo katikati ya vidole palipooza kwa maji. Yeye mwenyewe alitoka majini wa mwisho na miguu yake hakuna aliyeikagua. Siku daraja la mfereji mkubwa liliposombwa alimbeba mama mgongoni akavuka naye kwenda kanisani, wanaume wakimcheka kutoka ng'ambo, na Jumapili iliyofuata akambeba tena. Hakunywa pombe. Alikula akiwa wa mwisho, na akikuta sufuria imekwisha alisema alishashiba kwa harufu. Hayo sikuyasoma Mukurweini. Niliona kwamba yakitoka kinywani mwangu mbele ya Theuri yatachafuka.

Na nyumbani alikuita baba. Wifi, hii ni desturi yetu: mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi zao. Kaka yangu amebeba jina la mzee Gicheru, kwa hiyo baba alipokuwa akimwita mwanawe alikuwa anamwita baba yake mzazi, na alimaanisha hivyo. Wachuka ni jina la mama yake, akamwita mama. Mimi nilizaliwa wa tatu nikapewa jina la bibi yangu, mama mzazi wa mama yetu Warigia, kwa hiyo kwa baba mimi nilikuwa mama mkwe. Alikuwa akinitania hivyo kila siku, ati mama mkwe amekasirika, mama mkwe apewe kiti. Watu walicheka. Lakini mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali, na mimi nilikuwa mtoto, sikutaka kuheshimiwa.

Sasa nije kwenye mwaka 1967. Ulitimiza miaka kumi na minane, na kanuni ya skimu ilikuwa mtoto wa kiume akitimiza umri huo hatakiwi kukaa kwenye nyumba ya mpangaji. Mkaguzi alikuja na daftari lake asubuhi, na baba akalitoa sanduku lako la bati akalibwaga kwenye njia ya mfereji. Alikuambia maneno ambayo siwezi kuyaandika mbele ya mke wako. Alisema kwamba huna mahali hapa, uende utafute wanaume wenzako. Ulinyanyua sanduku na hukugeuka nyuma. Ulichokiona wewe kiliishia hapo.

Kilichofuata ni kwamba mkaguzi alitia alama kwenye daftari akaenda zake, na baba akaingia kwenye jaruba la mwisho, lile la karibu na lango la maji, ambalo halikuwa na kazi yoyote siku hiyo, akasimama humo mpaka jua lilipokuchwa. Kwa siku mbili hakugusa chakula. Siku ya tatu alivaa koti akaenda ofisini kwa miguu. Hakutuambia alikwenda kufanya nini. Alimwambia mama tu kwamba jambo limetengenezwa.

Jambo lenyewe tumelikuta wiki iliyopita. Mimi na mama tuliitwa ofisi ya skimu baada ya mazishi. Karani anaitwa Seth, ni mtu wa upande wenu wa magharibi, mpole, alitupa viti. Mpangaji akifa shamba huenda kwa mtu mmoja tu aliyeandikwa, na Seth akafungua daftari kubwa akatusomea. Mrithi: Gicheru wa Ndungu. Chini yake dole gumba la baba. Na tarehe, kaka, ni siku tatu baada ya kukutupia sanduku njiani. Miaka kumi na miwili jina lako limekaa humo. Seth akasema hivi, na ninayaandika kama alivyoyatamka: “Mama, mimi siko na ubaya na nyinyi. Lakini hii kitabu iko na jina moja pekee, na huyo mtu lazima akuje yeye mwenyewe na kipande yake ya kitambulisho. Akikosa mpaka tarehe thelathini Oktoba, shamba inaenda kwa wale wanangojea.” Wanaongojea ni wengi, wanapita njiani wakitazama nyumba yetu na kuhesabu madirisha. Theuri alisikia habari hiyo, akatuma ujumbe kwamba ana kijana anayeweza kusimama mahali pako na kujibu jina lako. Mama alimrudishia mjumbe wake bila chai.

Usipokuja, mama ataondolewa kwenye nyumba aliyoikandika kwa mikono yake, akiwa na miaka sitini na mgongo ule. Atakwenda wapi? Mukurweini kwenye shimo la mbolea la Theuri? Kwa hiyo lazima uje, na najua huwezi kuja kwa barua ya kubembeleza, kwa sababu wewe uliapa hutarudi, na kwa yale uliyoyajua ulikuwa na haki ya kuapa. Kwa hiyo nakuambia usilolijua.

Barua zote ulizopata kutoka kwa baba niliandika mimi. Hilo ulilijua. Hakujua kusoma wala kuandika, wala mama, wala Wachuka. Kila baada ya miezi michache, Jumapili mchana tukitoka kanisani, baba alikaa kwenye kigoda chake na mimi nikakaa na karatasi juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema nami nikaandika. Wewe ulipokea mistari minne. Ulilalamika mara moja kwamba mzee anakuandikia kama anayemwandikia karani. Sasa jua kwamba baba hakuwahi kusema mistari minne tu maishani mwake alipokuwa akizungumza na wewe. Alisema mpaka karatasi mbili zikajaa, kama ningeziacha zijae. Alijifuta uso na kofia, akaendelea. Mimi niliandika nusu, na pengine hata nusu haikufika.

Sikuongeza neno la uongo. Nilipunguza tu. Aliposema usije sasa, sheria hairuhusu, lakini jua hivi na hivi, mimi niliandika usije sasa, sheria hairuhusu, nikaweka nukta. Halafu nikamsomea yote kana kwamba yameandikwa, naye akatikisa kichwa, akabonyeza kidole chake chini ya karatasi. Akaniambia mama mkwe ana mwandiko mzuri.

Na zako nilizisoma hivyo hivyo. Ulipouliza kama baba ameandika jina la mtu ofisini, mstari huo niliuruka. Ulipouliza kama unaweza kuja kututembelea wakati wa mavuno, ukae kwa jirani, niliuruka. Ulipoacha kuuliza, na barua zako zikaanza kuwa kali, nilisoma salamu peke yake. Mlikuwa watu wawili mnaoitana, na mimi nikasimama katikati mlangoni.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza na mimi. Nilikuwa wa pili katika darasa la saba, na mwalimu alikuja nyumbani kuniombea. Lakini wewe ulikuwa umeondoka, mikono ilikuwa imepungua, na ekari nne hazikulimwa na mikono pungufu, kwa hiyo nikawa mikono. Nilisimama kwenye tope Jumatatu mpaka Jumamosi, niliwinga ndege mpaka sauti ikanikauka, na Jumapili nilikaa kuandika jinsi baba anavyokuwazia wewe. Hakuna Jumapili hata moja aliyosema na Watiri naye hajambo, anafanya kazi. Mimi sikutajwa kwenye barua nilizoziandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa na wivu, Gicheru. Nilikuwa nao mwingi kiasi kwamba nilidhani ni haki. Na baadaye, sikufichi, nilipoona hurudi, nilianza kufikiri kwamba siku moja baba atachoka kukungoja na kuniachia mimi. Sikujua ameshaandika. Ningejua nisingejisumbua.

Bado sijamaliza. Hili la pili ni gumu zaidi.

Mwaka 1974 uliandika kwamba umepata mtoto wa kiume. Uliandika, nayakumbuka yote: mwambieni mzee nimemwita Ogutu, jina la baba mkwe wangu, aliyenipa mahali pa kulala, na yule aliyenitupia sanduku nje asingoje jina. Uliichukua nafasi ya mtoto wa kwanza, nafasi ya Ndungu, ukampa mtu mwingine, na ulijua unafanya nini. Hakuna kitu kingine ambacho ungemfanyia baba kikamfika kama hicho. Mtu ambaye mwanawe mwenyewe amemruka jina huwa ameambiwa kwamba akifa amekwisha.

Nilikuwa nimeishika barua hiyo mkononi. Baba alikuwa amekaa, miguu yake imeanza kuvimba, mimi ndiye niliyekuwa nimemwekea ndani ya karai. Alikuwa amesikia kwa mtu wa basi kwamba Apondi ni mjamzito, na alikuwa amehesabu miezi. Aliinua uso akaniambia soma, mama mkwe. Nikafungua mdomo nikasoma kwamba umepata mtoto wa kiume, na kwamba umempa jina lake, Ndungu.

Kaka, baba aliinuka na miguu yake iliyolowa akatoka nje akaita jina lake mwenyewe kwa sauti mara tatu kuelekea magharibi. Majirani walitoka. Mama alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Na mimi nikaona kwamba kalamu niliyoitumia kupunguza miaka saba ilikuwa imenigeuka, na kuanzia siku hiyo itabidi niongeze.

Nimeongeza miaka mitano. Wewe ulipoacha kuandika kabisa, mimi sikuacha kusoma. Kila baada ya miezi michache nilikwenda posta nikarudi na karatasi tupu, nikakaa mbele ya baba nikamsomea. Nikamtungia Ndungu mdogo maisha. Nilimwotesha meno. Nilimtembeza. Nilimpa ugonjwa wa surua nikamponya, kwa sababu baba aliuliza kama ameshaugua surua. Nilisema anapenda samaki na anaogopa kuku. Baba alicheka kuhusu kuku kwa msimu mzima. Siku hizo aliniita nikae karibu naye, akanishika mkono nikisoma, na nitakuambia jambo la aibu: hiyo ndiyo miaka niliyokuwa na baba. Niliipata kwa kumwongopea kuhusu mtoto wako.

Kila mwaka mpunga ulipoanza kutoa masuke, alimsokotea wajina wake kombeo la kuwingia ndege. Alilisokota kwa katani, akalipima kwenye mkono wa mtoto yeyote wa jirani aliyelingana naye kwa umri, kwa hiyo la kwanza lilikuwa fupi kama kidole changu na kila mwaka likazidi. Alinipa nikupelekee kwa posta. Nilimwambia limefika, na mtoto ameangusha ndege aina ya kwarara. Makombeo yote matano yako kwenye sanduku langu chini ya gauni la kanisani.

Alipokuwa anakufa hakuniuliza habari zako. Alisema wewe unajua, umeshaambiwa yote kwenye barua. Alisema anakwenda bila deni la maneno kwako. Nilikuwa nimeshika miguu yake, nikiikagua kama alivyotukagua sisi, na nilikuwa na nafasi ya kumwambia ukweli kati ya saa mbili na saa nne. Sikumwambia. Na Mukurweini nilisoma mbele ya watu wote kwamba marehemu ameacha mjane, watoto watatu, na mjukuu na wajina wake Ndungu wa Gicheru, na watu wakasema amina.

Sasa nakuandikia ile nusu. Ninaikumbuka kwa sababu aliirudia karibu kila mara, sehemu kubwa kwa maneno yale yale, akihofia kwamba barua zinapotea njiani. Hii ni ya kwanza, ya Novemba 1967, nami naiandika bila kuruka:

“Baba, pokea salamu. Nilikutoa kwa ukali kwa sababu mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni, na mzazi akifukuza mtoto kwa upole haaminiki, angesema nimekuficha kwa jirani. Yale maneno yalikuwa ya masikio yake, si yako. Nilidhani utageuka nikukonyeze. Hukugeuka. Nimekwenda ofisini, jambo limetengenezwa. Usije sasa, sheria hairuhusu, na ukionekana tutanyang'anywa. Lakini siku yangu ikifika nyumba hii ni yako na mama yako ni wako. Huyu mama mkwe wangu anayeandika usimwondoe, huyo ndiye aliyebaki na mimi majini, mjengee chumba. Jioni ninakagua miguu ya hawa na ninaona miwili imepungua. Uikague yako mwenyewe huko, katikati ya vidole hasa.”

Umeona, kaka. Nilikuambia hakuwahi kunitaja. Alinitaja mara moja tu, katika barua ile ya kwanza, katika nusu niliyoiacha, na mimi kwa hasira nilikuwa ninaandika yangu tayari, sikumsikiliza. Maneno hayo yalinirudia juzi kaburini nikiwa ninasoma.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nimekwishaona barua zangu zinaweza kufanya nini. Ukija ukasema niondoke, nitaondoka siku hiyo hiyo, sanduku langu ni jepesi kuliko lako lilivyokuwa. Lakini njoo. Mimi na mama tutakuwa mbele ya ofisi Jumanne tarehe thelathini, saa mbili asubuhi, na Seth amesema atafungua mapema. Usisahau kipande chako. Ukitufikia usianze na mimi, mwamkie mama kwanza.

Na umlete mtoto. Wifi, nisalimie watoto wote wawili, na mzee Ogutu kama yu hai, mwambie tunamshukuru kwa kumpa kaka yangu mahali pa kulala. Sitaki kumnyang'anya jina lake. Ila mama bado hajui. Amemtandikia kitanda na anawaambia majirani kwamba Ndungu anakuja, na makombeo nitampa yeye mwenyewe mkononi, yote matano, hata yale yasiyomtosha tena kwa udogo. Ukweli mtamwambia ninyi siku mtakayoona inafaa, au mniamuru mimi nimwambie. Lakini siku ile ya kwanza, mama atakapoinuka pale ofisini na mgongo wake na kuita “Ndungu,” nawaomba sana mmwambie mtoto aitike.

Ni mimi dada yako, niliyekuwa nikiyaandika,

Watiri wa Ndungu